Mbweha Akipatikana Anarudi Nyumbani

Jikoni kwangu pametundikwa chekeche lisilo na wavu. Mbao yake ya duara imezungushiwa waya wa shaba, mizunguko juu ya mizunguko, na wageni hudhani ni pambo. Wale wanaosali sana hudhani ni dawa. Nawaacha wadhani. Lakini juzi walikuja vijana wa klabu mpya ya redio, hapahapa Likasi, na mmoja wao alipoliona tu akasimama. "Mama, hii ni ya kuwinda," akasema. Wakati huohuo mwenzake alikuwa amekaa barazani akichomelea waya wa kipaza sauti chao, na ule moshi wa risasi ya kuchomelea, wenye harufu ya utomvu ulioungua, ukaingia ndani na kunikuta nimesimama chini ya chekeche. Nikatafuta kiti.

"Weye ni wa zamani kwa hii kazi, mama," mkubwa wao akaniambia. "Tupatie mashauri. Ya bageni benye banaingia, na ya klabu yenyewe."

Nikawapa yale ya kila siku. Sikiliza kabla ya kusema. Usimkanyage mwenzako aliye hewani kwa sauti yako. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa nje kwanza, ujuzi utauonyesha siku nyingine. Wakaandika, wakapiga makofi, wakanywa chai yangu yote, wakaenda. Nami nikabaki na hasira ambayo sikujua niitue wapi. Niliwapa mashauri ya wageni, nikanyamaza juu ya mashauri ya klabu. Hayo nitayasema hapa, kwenu ninyi wa umri wangu, mnaokumbuka foni, ile ya kusemezana na watu wa mbali kwa redio, ilikuwa nini kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni.

Klabu yetu ilikuwa garaji ya Papa Selestini. Gari halikuwamo, liliuzwa zamani, likabaki doa la mafuta sakafuni, na watoto wote tulilikwepa kama kaburi. Kulikuwa na meza ndefu, batri za lori zilizopangwa chini, mashine kubwa ya kijivu yenye macho ya kioo, na waya mrefu uliotoka dirishani hadi kwenye nguzo ya mkaratusi. Kulinuka risasi, tindikali ya batri na tumbaku. Kwangu ilikuwa harufu ya akili. Niliamini kwamba mtu akikaa humo muda mrefu, akili itamwingia yenyewe, hata asiposoma.

Papa Selestini alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu, na alipenda wageni wa klabu kuliko wenyeji. Wenyeji walikwisha kujua kila kitu. Wageni ndio walikuwa na masikio. Aliketi nasi kwenye benchi, kila mmoja akampa jina lake la hewani. Mimi, Odeti, nilipewa Nyuki, kwa sababu sikutulia. Kisha akatupa sheria, na alizisema kila Jumamosi kwa maneno yaleyale.

"Sikia mbele ya kusema. Na mutu akikuuliza unamusikia namna gani, umuambie kweli. Hata kama ni chefu yako, hata kama ni mupadri. Hewani batu habaonane. Kama unamudanganya mutu juu ya sauti yake, umemubakishia nini?"

Hayo maneno niliyameza mazima. Nyumbani mama aliponiuliza kama bukari, ugali wetu, imeiva, nilijibu kwa alama za hewani, ambazo tano kwa tano ndiyo safi kabisa: "Tatu kwa tano, mama, kuna mabonge." Alicheka hadi akaegemea ukuta.

Lakini kilichonivuta kule siyo sheria. Ulikuwa mchezo. Papa Selestini aliusoma katika gazeti la Kifaransa na kuuita kuwinda mbweha. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mbweha. Mimi nilidhani ni aina ya paka mwenye kiburi. Mbweha wetu alikuwa kopo la maziwa ya unga, ndani yake kimashine kidogo kinacholia pii, pii, pii, sauti ambayo sikio tupu halisikii. Papa Selestini alikwenda kulificha mahali fulani mjini, kwenye mtaro, nyuma ya kanisa, ndani ya mti, nasi tulitoka na vifaa vyetu kulitafuta.

Kifaa changu mama ndiye aliyenipa. Chekeche lake la kuchekecha unga wa mahindi lilichanika wavu, na badala ya kulitupa akaniletea. Papa Selestini alinisaidia kulizungushia waya na kuliunganisha na kiredio kidogo chenye kisikizi cha sikio moja. Akanifundisha siri yake, na hii nawaambia kwa sababu bila hiyo hamtaelewa mengine. Watu wote hudhani unatafuta pale sauti inapokuwa kubwa. Hapana. Unalishika chekeche mbele ya uso kama dirisha, unageuka taratibu, na unatafuta pale sauti inapokufa. Ikifa, chungulia ndani ya duara: mwenyewe yuko pale, mbele yako, au yuko nyuma ya mgongo wako. Unatembea kidogo, unapima tena, na utajua ni wapi.

"Na kama iko mbali sana?" nilimuuliza.

"Ya mbali sana inashukia juu, mbinguni. Ile hata ugeuke namna gani, haikufe yote. Inabakisha kamoyo. Na inapumua; inapanda, inashuka. Ya karibu, inakufa yote, na haipumue. Inasimama kama nguzo."

Mchezo ulikuwa na desturi moja, nayo ndiyo iliyonivunja. Ukimpata mbweha, ulimgusa kwa mkono, ukasema kwa sauti, "Nimekupata!" na kuanzia hapo mbweha alikuwa wako. Hakuachwa pale. Aliyempata ndiye aliyembeba hadi klabu, wengine wakimfuata nyuma wakiimba. Mbweha akipatikana anarudi nyumbani: hivyo ndivyo tulivyosema, na hakuna mtoto aliyewahi kuona sheria hiyo ikivunjwa. Mimi niliwabeba wengi. Nilikuwa hodari, sitaki kujifanya mnyenyekevu.

Sasa nije kwa papa yangu. Kazi yake ya kiwandani ilipokatika, alipanda treni kwenda Kalemie kufanya biashara ya ndakala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani. Tulimsindikiza stesheni na mama akalia kwa sauti mbele za watu, na papa akasema anarudi upesi. Hakurudi. Ila kila Jumamosi alasiri sauti yake ilikuja garajini. Papa Selestini, rafiki yake wa tangu ujana, alisema kuna mtu wa klabu kule Kalemie anayempa nafasi kwenye mashine yake. Sisi tulimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo. Mama alimwombea kwa jina ambalo hakulijua: "yule ndugu mwenye mashine."

Mngemwona mama yangu siku ya Jumamosi! Asubuhi alikaanga vitumbula na kuviuza barabarani, uso umejaa moshi. Saa ya foni ikikaribia, alioga, akavaa kitenge cha misa, akajipaka poda, akajinyunyizia manukato kidogo nyuma ya masikio. Nilimwambia, "Mama, hewani batu habaonane." Akanijibu, "Miye mwenyewe najiona. Sitasema na bwana yangu nikinuka mafuta." Akaenda kukaa mbele ya mikro, kile kipaza sauti, magoti pamoja, kama anayepigwa picha. Foni haikuwa na siri. Majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao walisikia kila neno, wakacheka papa alipomwita mpenzi.

"Mama Odeti, unanisikia namna gani?" papa aliuliza kila mara.

Mama hakuzishika zile namba. Alinigeukia mimi, na mimi nilibonyeza kwa fahari: "Tano kwa tano, papa!" Kweli ilikuwa tano kwa tano. Ilikuwa tano kwa tano kila Jumamosi, bila kupanda wala kushuka. Jamani, nilikuwa nimefundishwa hilo, nimekaa na hilo kwenye benchi, na sikulisikia. Nilidhani papa yangu ana sauti yenye nguvu kuliko za watu wengine.

Papa alilalamika upepo wa ziwa. Baridi ile, alisema, inaingia mifupani. Basi mama akamfumia tiriko, sweta la sufu ya manjano, lenye msuko kifuani, akilifuma kwenye kizingiti huku vitumbula vikiungua. Akamkabidhi Papa Selestini, ambaye alisema atampa msafiri. Jumamosi iliyofuata papa akasema limefika, linamkaa vizuri. Mama alifurahi hadi kanisani Jumapili akaimba kwa sauti isiyokuwa yake.

Wakati ule ndipo ilipokuja nafasi ya Mulungwishi. Mpishi wa shule ya misheni alikuwa anaondoka, na mama mmoja wa huko, aliyemjua mama yangu, alimtaka yeye. Kazi ya jikoni, nyumba ya vyumba viwili, na sisi watoto tusome palepale. Kwetu ilikuwa mlango wa kutokea kwenye moshi wa vitumbula. Lakini mama hakuweza kuhama bila neno la bwana wake, na papa hewani alikuwa na neno moja: ngoja. "Ngoja nirudie. Nikifika nyumba imefungwa, nitaingia wapi?" Mama akangoja. Kule Mulungwishi wakaanza kuchoka kungoja, wakasema wanataka jibu, na kama jibu ni hapana kuna mwingine. Kwa hiyo kilichokuwa mezani ni hiki: mama ashike mlango ule au amshike papa. Mimi nilitaka vyote viwili, na nilikuwa na hakika nitavipata.

Jumamosi moja ya vumbi hatukuwa na mbweha. Papa Selestini alisema batri yake imekufa. Nilikuwa nimenuna uani na chekeche langu mikononi, na ndani mama alikuwa akizungumza na papa juu ya Mulungwishi. Kwa kukosa la kufanya nikaweka kisikizi sikioni, nikazungusha kiredio hadi nikaipata sauti ya papa. Nikaligeuza chekeche. Papa akafa.

Namaanisha sauti ilikufa. Ilikufa yote, tii, hata kamoyo hakakubaki. Nikachungulia ndani ya duara. Sikuona upande wa Kalemie. Niliona barabara inayokwenda Panda, mtaa wa hapahapa Likasi.

Msinicheke. Mtoto huelewa kwa vitu alivyo navyo. Kwenye benchi letu Papa Selestini alikuwa ametuahidi: "Siku moja nitabafichia mbweha mukubwa, hata muyue sura yake hamutaamini." Basi yote yakajipanga kichwani kwangu, safi kabisa. Papa amerudi! Amerudi kimyakimya, amejificha, na amenifichia mimi, Nyuki, kwa sababu mimi ndiye hodari. Mama atazungumza naye akidhani yuko ziwani, na mimi nitakuja naye nikimshika mkono. Nilikimbia bila kumwambia mtu, kwa sababu hodari hamwambii mtu.

Nilipima kwenye kona ya soko. Nilipima tena kwenye reli. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akasema, "Aka! Huyu mutoto anachekecha upepo?" Sauti ilizidi kunenepa sikioni. Mama alikwisha kumaliza zamu yake, na papa sasa alikuwa akiwapa majirani habari za Kalemie, maana alipenda sana kusimulia. Alisema mvua kubwa inanyesha, mawimbi yanapiga hadi barabarani, watu wamefunga maduka. Mimi nilikuwa kwenye jua kali, vumbi jekundu hadi magotini, nikicheka peke yangu. Haki ya Mungu nilicheka! Papa anajua kudanganya, nikasema moyoni. Anajua kucheza huyu mtu.

Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopakwa rangi, na juu ya paa waya ulioenda hadi kwenye nguzo. Nilipofika chini ya dirisha nikasikia sauti mbili, moja sikioni na moja mlangoni, zikisema neno lilelile kwa wakati mmoja. Nikatoa kisikizi. Nikasukuma pazia.

Papa yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa singilendi, mikro mkononi, ndiyo kwanza ameachia kitufe ili asikilize. Nyuma yake mwanamke kijana alikuwa akimkausha mtoto mchanga baada ya kumuogesha. Sikuwatazama. Nilimrukia papa, nikampiga begani kwa kiganja, nikapiga kelele: "Nimekupata!"

Kidole chake kikaruka mbali na kitufe. Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Odeti. Nani amekuleta hapa?"

"Weye mwenyewe, papa! Nilifuata sauti. Twende. Mama amevaa kitenge ya misa, iko anangoja kwa garaji. Twende sasa, nimekupata."

Nilimshika mkono nikamvuta. Hakuinuka. Niliendelea kuvuta, kwa sababu mbweha hakatai. Ndipo yule mwanamke akauliza, bila ubaya wowote, akimgeuza mtoto kifudifudi, "Papa Beni, huyu ni mutoto ya nani?"

Papa Beni. Nikatazama nyuma kuona Papa Beni ni nani.

Na papa yangu akajibu, "Ni mutoto ya klabu."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezika watu, nimezaa, nimeachwa na kuachana. Hakuna neno lililonikata kama hilo. Hata hakulisema kwa ukali. Alilisema upesi, kama mtu anayesogeza kikombe kisianguke. Yule mwanamke akanitabasamia, akachukua nguo kitandani kumfunika mtoto wake, na nguo hiyo ilikuwa tiriko la manjano lenye msuko kifuani.

Papa alinitoa nje, akachutama mbele yangu. Alinuka sabuni ya mtoto. "Sikia, Nyuki," akasema, na sijui jina langu la hewani alilipata wapi kama si kwa Papa Selestini. "Hii ni siri ya mukubwa. Usimuambie mama. Atagonjwa. Papa Selestini anayua yote, ni yeye njo aliniletea mashine. Unaona? Hata klabu inayua. Rudia taratibu."

Nikarudi taratibu. Njia nzima nilibeba chekeche kichwani kama sinia tupu. Hakuna aliyeimba nyuma yangu.

Mtu mzima angeanza kuchukia palepale. Mimi nilianza kungoja. Sheria ilikuwa sheria: amepatikana, basi atarudi, labda anafunga mizigo. Kila siku ya wiki ile nilitoka shuleni nikakimbia kutazama kama viatu vyake viko mlangoni. Halafu siku moja nikaenda kwa Papa Selestini, nikamkuta anachomelea, moshi umemzunguka kichwa.

"Papa Selestini, mbweha akipatikana?"

Hakuniuliza mbweha gani. Alizima chuma chake, akapangusa macho, na nikaona anajua, kwamba papa alikwisha kumweleza.

"Odeti, mutoto yangu," akasema. "Nilitaka mama yako asiumie. Kila juma ananitokea hapa amevaa vizuri, anacheka. Nikisema, ataacha kucheka. Na papa yako ni rafiki yangu, aliniapia ataacha ile mambo. Ningefanya nini?"

"Ulisema mutu asidanganywe juu ya sauti."

"Nilisema." Akashusha macho. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe ile chekeche. Inataka kutengenezwa kidogo."

Halikutaka kutengenezwa. Lilikuwa zima kuliko sisi wote. Akalitundika juu kabisa ukutani, pale ambapo mkono wangu haukufika, na akanipa pipi. Pipi! Hapo ndipo chuki iliponiingia, na nawaambia wazi kwamba ilimwelekea yeye kabla ya papa. Papa sikumjua sana. Papa Selestini ndiye aliyenipa sikio, kisha akaniomba nisilitumie.

Jumamosi ikafika. Mulungwishi walitaka jibu siku ile. Gari la misheni lilikuwa mjini kununua unga, na dereva alisema atapita jioni. Mama alijipaka poda kama kawaida. Tulipofika garajini majirani walikuwa wamejaa, maana mtaa mzima ulijua leo Mama Odeti anaomba ruhusa.

"Mama Odeti, ngoja tena kidogo," sauti ya papa ikasema, imesimama kama nguzo. "Masika ikiisha nitakuya. Uko bibi yangu ao hauko? Upepo wa huku unanimaliza, na weye unataka kunifungia nyumba?"

Watu wakaguna kwa huruma. Mama akainamisha kichwa. Nilimjua, alikuwa anakaribia kusema ndiyo. Papa Selestini alikuwa amesimama kando ya mashine, anarekebisha kitufe kisichohitaji kurekebishwa.

Nikapanda juu ya batri za lori, nikaegemea ukuta, nikalitoa chekeche msumarini. Hakuna aliyenizuia, nadhani Papa Selestini aliniona, na nadhani aliamua kutoniona. Nikamvuta mama kitenge.

"Mama, kuya kwanza."

"Odeti, si unaona niko nasema na papa?"

"Atasema tu. Anapenda kusema. Kuya."

Kulikuwa na kitu katika sauti yangu. Akaniachia mkono wake, tukatoka uani, mikro ikabaki mezani, na papa ndani akiendelea na mawimbi yake. Nikamwekea mama kisikizi, juu ya ile poda na yale manukato. Nikampa chekeche lake.

"Ushike mbele ya macho. Geuka taratibu. Usiseme kitu."

Mama akageuka, akikunja uso kama anayepima unga. Akatazama upande wa Kalemie. Akasikia, maana nilimwona akitikisa kichwa kufuatana na maneno. Akageuka zaidi. Zaidi. Majirani walitoka mmojammoja wakasimama mlangoni. Halafu mama akasimama wima.

"Imekufa," akasema.

"Yote?"

"Yote. Sisikie kitu."

"Ya mbali haikufe yote, mama. Chungulia ndani."

Alichungulia. Alikaa hivyo muda mrefu, jicho ndani ya duara alilochekechea unga wetu miaka yote, akiitazama barabara ya Panda. Hakuuliza maana yake. Nadhani mwili wake ulikuwa umejua kabla yake. Alipolishusha, poda ilikuwa imefanya mistari.

"Papa Selestini," akaita, kwa heshima ileile ya siku zote. "Kalemie iko wapi? Unionyeshe na kidole."

Papa Selestini alikuwa mlangoni. Aliinua mkono wake nusu, ukakaa hewani, halafu ukashuka. Mtu yule aliyejua mahali pa kila mji duniani bila ramani hakuweza kunyoosha kidole.

"Na tiriko yangu?" mama akaniuliza mimi sasa.

"Iko kwa mutoto, mama. Mutoto ya pale."

Hakupiga kelele. Mama mwingine angeangusha ile nguzo ya mkaratusi. Yeye aliingia garajini, watu wakampisha, akachukua mkoba wake juu ya meza. Kutoka kwenye mashine sauti ikauliza, kwa wasiwasi kidogo, "Mama Odeti? Mama Odeti, unanisikia namna gani?"

Mama akanitazama. "Umujibu," akasema. "Hiyo ni kazi yako."

Nikaishika mikro. Ilikuwa bado na harufu ya manukato yake. Nikabonyeza, na nikasema kweli, kama nilivyofundishwa.

"Tano kwa tano, papa. Hapa ni mutoto ya klabu."

Mashine ikavuma tu. Majirani wakasogea karibu, wakikanyaga doa la mafuta. Halafu sauti yake ikaja, ndogo, na haikuniita mimi wala mama. Ilisema, "Selestini? Selestini, nani ameshika mikro?"

Mama akanyoosha mkono akaizima mashine.

Jioni ile tulipanda gari la misheni, katikati ya magunia ya unga, chekeche mapajani mwangu. Hakuna aliyenidai, na mimi sikulirudisha. Mama alipika Mulungwishi hadi mikono yake ilipokataa, na Jumamosi hakujipaka poda tena. Papa Selestini alituma salamu mara kadhaa. Zilifika vizuri, zilisikika, na hatukujibu.

Jana nilimfuata yule mkubwa wa vijana hadi kwenye chumba chao cha klabu. Kulinuka risasi. Nilimkuta na kundi la watoto kwenye benchi, na mbele yao kopo la maziwa.

"Nilisahau shauri moja," nikamwambia. "Ya klabu."

Akatafuta kalamu.

"Usiandike. Kama hauko tayari kupatikana, usibafundishe batoto kutafuta. Na mutoto akikupata, inuka urudi naye nyumbani."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akidhani nasema juu ya mchezo. Watoto wale hawakucheka. Walikuwa wakilitazama kopo.